Goti la Kumwoshea Mama

Goti langu la kulia lilinigomea mbele ya maiti ya shangazi yangu, Kilwa Kivinje, tukiwa hatujafika hata nusu ya kumwosha. Tulikuwa wanawake wachache chumbani, ndugu wa karibu tu kama ilivyo desturi. Kitanda cha kamba kimewekwa juu ya shimo la maji, pazia limeshushwa, na mimi nimechuchumaa upande wa miguu nikimimina maji kwa kata. Nikaambiwa nisogee kidogo. Nikataka kusogea, goti likakataa. Nilijaribu kuinuka, nikafika robo ya safari, nikarudi chini, na kata ikaniponyoka ikamgonga marehemu kwenye kifundo cha mguu. Namshukuru Mungu shangazi alikuwa ameshamaliza kulalamika duniani, maana angekuwa hai angenikumbusha hiyo kata mpaka leo. Ilibidi wanawake wawili waiache maiti, wanishike makwapani mimi niliye hai, wanisimamishe. Shughuli nikaimalizia nimeegemea ukuta, kazi yangu ikiwa kushika kafuri.

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni kwa sababu umri wake haumruhusu tena kuosha mtu. Aliona yote. Hakusema neno mpaka tanga lilipoanuliwa, na kwa mama yangu kukaa muda wote huo na maneno mdomoni ni ibada inayostahili thawabu. Siku ninayoaga kurudi kwangu Kilwa Masoko ndipo alipofungua kinywa.

“Mimi nikifa usinioshe,” alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kusema usisahau mfuko wako. “Utaniangukia. Ataniosha mke wa kaka yako. Yule ana magoti.”

Sasa nieleze kuhusu mke wa kaka yangu. Wifi yangu na mimi hatuivi chungu kimoja tangu siku ya kwanza alipoingia jikoni kwa mama akahamisha kopo la chumvi. Ni mdogo kwangu kwa miaka ya kutosha kuniamkia, na shikamoo yake huitoa haraka haraka kama mtu anayetema mbegu ya ubuyu. Akiniona mbele za watu husema, “Mashaallah wifi, mwili huo,” na anajua anachofanya. Nilishakubali kwamba pilau ya Idi anapika yeye. Nilishakubali kwamba mama akiumwa usiku anapigiwa simu yeye kwanza, kwa kuwa mimi nikipigiwa huanza kwa kulia. Lakini kumwosha mama ni haki ya binti. Mama ndiye aliyenisafisha nilipokuwa siwezi kujisafisha, na hiyo ndiyo zamu yangu ya kumrudishia, tena ipo moja tu. Kuambiwa nimenyang’anywa kwa sababu ya goti kuliniuma hasa. Njia nzima kurudi Masoko nilikaa dirishani nimegeuza uso, nikijifanya natazama mikorosho.

Ndiyo sababu nilijiunga na studio. Nasema hivi mapema kwa ajili ya walimu wenzangu shuleni, wanaoamini nilikwenda kutafuta umbo.

Studio yenyewe ni chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambacho zamani kilikuwa ghala la ufuta. Ilifunguliwa na binti mmoja kutoka Dar es Salaam aliyemfuata mumewe aliyehamishiwa huku kikazi. Alipoona Masoko haina pa kwenda jioni isipokuwa kwa majirani, akaamua atufundishe mazoezi. Alipaka chumba rangi, akatundika vioo, akafunga ukutani bomba refu la maji lililonunuliwa hapo hapo dukani. Bomba hilo ndilo la mazoezi yaitwayo bare, yaliyotoka kwa wale wacheza dansi wa Ulaya wanaosimama kwa ncha za vidole. Unashika bomba, unabana makalio, unashuka kidogo tu, kidogo kabisa, halafu unakaa hapo hapo unatetemeka mpaka umkumbuke kila mtu uliyemkosea. Siku za bare zilikuwa Jumatatu na Jumatano. Alhamisi ilikuwa yoga, ambayo ni kutetemeka vile vile ila ukiwa chini.

Siku ya kwanza nilipoingia, mtu wa kwanza kumwona alikuwa wifi yangu. Amevaa dera juu ya suruali ya michezo, na mguu wake mmoja uko juu ya bomba.

“Shikamoo wifi,” alisema, bila kuushusha.

Nikaitikia marahaba nikatafuta kona. Moyoni nilisema huyu hajatosheka na chumvi, amekuja na huku.

Maskini mwalimu wetu alipata tabu na sisi mwanzoni. Kwanza salamu. Darasa lilipangwa kuanza baada ya alasiri, lakini yeye ndiye mdogo kuliko wote mle ndani, na mtoto mwenye adabu hawezi kuwaamuru mama zake wabane makalio kabla ya kuwaamkia. Basi alikuwa anapita mmoja mmoja, shikamoo mama, marahaba, hujambo, wa nyumbani, mumeo, na joto hili, mpaka nusu ya kipindi imekwisha na hatujainua hata mkono. Pili, hakuweza kutupa amri. Angesema, “Naomba mama zangu, kama hamtajali, tushuke kidogo,” na wako waliojali, wakabaki wima. Tatu, bomba. Bomba lililofungwa usawa wa kiuno, kwenye chumba chenye wanawake, ni kamba ya nguo. Tulifika tukatundika mitandio, mikoba na mifuko ya samaki waliotoka sokoni, na yeye akaanza kufundisha huku akitafuta upenyo wa kuweka mkono.

Yoga nayo ilikuja na mambo yake. Kulikuwa na pozi la kuinamisha kichwa na kuinua nyuma, ambalo kwao linaitwa la mbwa. Mama mmoja, muuza vitenge, akasema yeye ana udhu na hawezi kuwa mbwa. Tukashauriana. Tukakubaliana awe mbuzi, na mpaka leo Masoko ni mbuzi. Lile pozi la kupiga magoti na kuweka paji la uso chini lilitushinda kwa namna nyingine. Kila tulipofika hapo midomo ilianza yenyewe kusabihi, halafu mtu anashtuka na kuuliza kibla kiko upande gani, na chumba kizima kinajadili kibla huku makalio yako juu. Mwisho wa kipindi cha kwanza binti alikutanisha viganja, akatuinamia kwa heshima, akasema namaste. Tukamjibu marahaba.

Lakini sitamkejeli zaidi ya hapo, kwa sababu aliliona goti langu. Hakuniuliza uzito. Alinichukua pembeni akaniuliza, “Mama, unataka uweze kufanya nini?” Nikamwambia nataka kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa, na kukaa chini muda wa kumwosha mtu. Alifikiri kidogo, nikadhani atasema hilo halimo kwenye bare. Akasema, “Sawa. Basi kila ukishuka, shuka kama unaye huyo mtu pale chini.”

Nikashuka. Wiki za mwanzo nilishuka kama gunia na kupanda kwa kuvuta bomba mpaka mwenye duka akaja kuangalia kama ukuta uko salama. Kipimo changu kilikuwa nyumbani, kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Tangu goti lianze visa nilikuwa nakuna nazi nimesimama, mbuzi nimeipandisha juu ya meza, aibu ambayo niliificha kwa kufunga mlango wa jiko. Baada ya muda nikaanza kuikalia, ila kuinuka nashika mguu wa meza. Kisha nikawa nashika ukuta kwa kiganja tu. Studio nako wifi alikuwa anaendelea kupaisha miguu, na kila alipopita nyuma yangu alininong’oneza, “Kaza, wifi,” na mimi nilikaza kwa hasira. Hasira ni mafuta mazuri sana ya goti, nashangaa hospitalini hawayataji.

Kisha likatokea jambo la kulala.

Mwalimu alikuwa anamaliza yoga kwa kutulaza chali, macho tumefumba, mikono pembeni. Alilitaja jina la pozi lile mara moja tu, kwa bahati mbaya, akasema ni pozi la maiti.  Halafu tukalala, maana tulikuwa tumechoka na maiti hasumbuliwi. Ila mwanamke wa kwetu halali chali mchana, mlango uko wazi kwa ajili ya upepo, bila kujifunika. Kila mmoja akavuta kanga yake kutoka kwenye bomba akajigubika gubigubi, uso na vyote. Ufuta uliosalia kwenye nyufa za sakafu ulikuwa unatuchoma visigino. Tulikuwa kimya mno, na nadhani wengine walishaanza kulala usingizi wa kweli.

Sasa akaja mama mmoja kununua misumari. Akapita mlangoni, akaona viatu vimejaa kizingitini, akachungulia, akaona wanawake wamelala chini kwenye mikeka, wamejigubika kanga, hakuna anayesema. Mtu wa mji mwingine angeuliza. Wa kwetu hawezi kuuliza, kwa sababu penye msiba huulizi, unaingia. Akavua viatu, akajitanda vizuri, akaingia taratibu, akakaa chini karibu na ukuta, akainamisha kichwa. Nyuma yake akapita mwingine, akamwona yule amekaa na kulengwa na machozi. Naye akaingia.

Tulipofumbua macho tulikuwa wengi kuliko tulipolala. Mlangoni alikuwepo mama mmoja ameleta sufuria kubwa. Nje wanaume walishaanza kuuliza viti, na mwenye duka, asiyejua hili wala lile, alikuwa amefunga nusu ya mlango kwa heshima. Mwalimu wetu alikuwa amesimama katikati ameshika kisimu chake cha muziki, anatetemeka kuliko siku zote alizotutetemesha. Yule mama wa misumari akaniona nimekaa kitako nikisugua goti, akanijia, akanikumbatia, akasema, “Pole sana mwalimu. Mama alikuwa mtu wa watu.”

Maana walikuwa wameshamtafuta marehemu. Msiba hauwezi kukaa bila mtu. Walipopitisha macho mle ndani wakaniona mimi na wifi yangu chumba kimoja, tumelala upande mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tukiwa na akili zetu. Wakajumlisha. Aliyekufa ni mama yetu.

Tulikanusha, tukaapa, wengine wakacheka, mwenye sufuria akaondoka amenuna. Lakini habari ilikuwa imeshapanda bajaji. Kabla sijavaa viatu simu yangu ikaita, na namba ni ya mama.

“Shikamoo mama,” nilisema.

“Marahaba. Nasikia nimekufa.”

“Wamekosea, mama. Tulikuwa mazoezini.”

“Hilo nimeelewa, mimi mwenyewe nipo hapa nakula muhogo. Ninachouliza ni kimoja. Nani aliniosha?”

Nikatafuta kiatu changu kwa mguu. Wifi alikuwa karibu yangu, sikio lake liko kwenye simu bila haya.

“Mbona kimya?” mama alisema. “Nimekufa, watu wamekaa, sufuria limefika mpaka mlangoni. Nani aliingia chumbani kwangu?”

“Hatujafika huko, mama.”

“Nitakuja kuona mwenyewe hayo mazoezi ya kulala.”

Alikuja Alhamisi iliyofuata, na kaka yangu ndiye aliyemleta, akamwacha mlangoni akakimbia kabla hajaonekana na watu. Mama alikuwa amevaa kanga mpya, doti nzima, amenukia udi. Mwalimu akamwamkia akiwa amepiga magoti kabisa, na kwa kuwa siku ile mkubwa alikuwa mmoja aliyetupita wote, salamu zikaisha upesi. Tukamwekea kiti cha plastiki karibu na bomba. Akalishika bomba, akalitikisa, akauliza maji yanatokea wapi.

Kwa heshima ya mgeni mwalimu alichanganya yoga na bare siku ile, na kipindi kizima mama alitutazama bila kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka. Tulipokuwa mbuzi alisema, “Astaghfirullah,” polepole. Wifi alipoinua mguu alisema, “Huyo mtoto hana mfupa.” Niliposhuka mimi hakusema kitu. Nilishuka, nikakaa pale chini nikitetemeka, macho kwenye kioo, na kwenye kioo nikamwona anatazama goti langu tu. Nilipanda kwa kulishika bomba, kama tunavyopanda wote. Mama akageuza uso. Nikajua ameandika hesabu yake kichwani, na kwamba bomba halitakuwepo siku hiyo chumbani kwake.

Wakati wa kulala ulipofika akasema na yeye anataka. Mwalimu akababaika, akasema bibi si lazima. Mama akamwambia, “Mwanangu, hili ndilo nililolijia, na hili ndilo ninaloliweza.” Tukamtandikia mkeka. Akauliza kibla, akaoneshwa, akajiweka sawa mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, akanyoosha miguu, akajifunika kanga mpaka usoni. Nikalala pembeni yake. Nilisikia pumzi yake, halafu nikaacha kusikiliza, kwa kuwa ndivyo tunavyofundishwa, tusisikilize chochote.

Muziki ukaisha. Watu wakaanza kujinyoosha, kukaa, kuvuta mitandio. Mama hakufanya lolote. Nilidhani amesinzia. Nikaita, “Mama.” Nikaita tena. Kanga haikupanda wala kushuka, au macho yangu yalikataa kuona. Chumba chote kikanyamaza, na safari hii hakuna aliyekuwa anapumzika.

Sikumbuki nilivyofika. Najua tu nilikuwa nimemfunua uso, mkono mmoja nimeupitisha chini ya shingo yake, mwingine shavuni, na wifi yangu yuko upande wa pili ameshika miguu yake yote miwili kwa mikono yake, analia tayari. Uso wa mama ulikuwa mdogo. Sikuwahi kuona kwamba uso wake umekuwa mdogo kiasi kile. Nilimwita kwa jina nililokuwa namwita kabla sijajua kusema vizuri, mbele ya watu wazima wote wale, na sikuona aibu, niliona hofu tu.

Akafumbua jicho moja.

“Goti limekubali?” akauliza.

Nikajitazama. Nilikuwa nimechuchumaa, visigino vimegusa sakafu, sijashika kitu chochote ila yeye.

“Mama, wewe si mzima,” nilisema.

“Inuka nikuone.”

“Mama.”

“Inuka.”

Nikainuka. Sikushika bomba, sikushika bega la mtu. Mapaja yalitetemeka vile vile yalivyofundishwa, goti likalia kama mlango, nikasimama. Yule muuza vitenge akasema alhamdulillahi, na mwalimu wetu akakaa chini akajifunika uso kwa mikono. Mama alibaki amelala pale pale, anatukagua mmoja mmoja kwa zamu, na alipofika kwa wifi akamwambia aache kulia na aiachie miguu yake, anaibana.

“Haya,” alisema. “Wewe kichwani, huyu miguuni. Msigombane juu yangu.”

Nikachuchumaa tena nimkalishe. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kumtikisa, na sikutaka kumwachia. Alijiegemeza kwangu kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi, akaunyanyua mkono wangu kutoka shingoni kwake, akaupima kati ya viganja vyake, akakunja uso.

“Na mikono yako ni baridi,” alisema. “Siku hiyo mchanganye maji ya moto.”

Nikasema, “Ndiyo, mama.” Wifi akasema, “Ndiyo, mama.” Tulisema pamoja.